Kilo zinazorudi: kuwasaidia vijana wetu baada ya tiba ya unene

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na muuguzi mstaafu mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili huko Narung'ombe, wilayani Ruangwa. Tumeichapa karibu yote kama ilivyosemwa.

 

Nilipoombwa kuzungumza juu ya vijana wanaotibiwa unene, mjumbe mmoja, sitamtaja lakini yupo hapa na anacheka, aliniuliza: "Mama, unatuletea matatizo ya Dar es Salaam ya nini? Sisi hapa tunahangaika na watoto waliodumaa." Swali lake ni la haki. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Hatuwezi kuliacha jambo hilo hata siku moja. Lakini tafiti za namna hiyo hiyo zinaonyesha na upande wa pili. Mwaka 2004 hadi 2005, wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi walikuwa 18 katika kila 100. Ilipofika mwaka 2015 hadi 2016 walikuwa 28. Na mambo haya mawili hayakai katika nyumba mbalimbali. Nimeingia katika nyumba ambamo mtoto mdogo amedumaa na dada yake anahema akipanda ngazi mbili za kanisa. Chungu ni kimoja.

Wazee wa hapa mtanisamehe nikigusa historia kidogo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake, pamoja na Kongwa na Urambo. Kwa nini karanga? Kwa sababu baada ya vita Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Misitu ikafyekwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Ardhi yetu ilitafutwa kwa sababu watu wa mbali walikosa mafuta. Leo mafuta yanatufuata sisi, kwa dumu na kwa kipimo cha kikombe, hadi kwenye kibanda cha mwisho cha kijiji, na mama anayekaanga chipsi kando ya barabara anayamimina bila kuhesabu.

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Nitawaeleza habari za binti mmoja. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha asijulikane, na mwenyewe ameniruhusu.

Binti huyu alimaliza darasa la saba hapa kwetu, akachukuliwa na shangazi yake Dar es Salaam akasome sekondari. Shangazi ana duka. Binti akawa anakaa dukani jioni, soda iko karibu, maandazi yako karibu, na shule ni ya kupanda daladala. Akiwa na miaka 17 alikuwa na kilo 96. Akaanza kuumwa magoti, shinikizo la damu likapanda, akapelekwa hospitali. Huko alipata bahati: mtaalamu wa lishe alimpokea bila kumsema, akapangiwa chakula, akaanza kutembea. Katika miezi 11 alifika kilo 79. Kliniki ikamwambia amefanya vizuri, jalada likafungwa.

Likizo akaja nyumbani. Mnajua alipokelewaje? Stendi tu, mtu wa kwanza: "Mbona umekwisha hivyo? Unaumwa?" Nyumba ya pili wakanong'ona ule ugonjwa ambao hatuupi jina. Bibi yake akalia, akachinja kuku. Na mimi, ndugu zangu, muuguzi wa miaka 31 kazini, nilipomkuta kisimani nilimwambia: "Mjukuu wangu, umepungua mno, hawakupi chakula huko?" Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Alinijibu "Shikamoo bibi", akainamisha kichwa. Alipoondoka likizo ilipokwisha alikuwa ameongeza kilo nne.

Lugha yetu yenyewe imekaa upande mmoja. Aliyenenepa tunasema amenawiri, mwili umemkubali, maisha yamemnyookea. Aliyepungua tunasema amekwisha. Zamani maneno hayo yalikuwa na sababu, kwa kuwa njaa tuliijua na UKIMWI ulituzika ndugu. Lakini kijana aliyepunguza uzito kwa jasho, akifika kwetu, anakuta kijiji kizima kinamvuta arudi alikotoka, tena kwa upendo.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao nausema haraka ili nisieleweke vibaya. Si kila anayepungua ni wa kupongezwa. Kijana anayepungua bila kukusudia, anayekohoa wiki mbili, anayekunywa maji mengi na kukojoa usiku kucha, apelekwe zahanati apimwe kifua kikuu, kisukari na virusi. Tumuulize faraghani. Stendi si mahali pake.

Wengi wetu tunaamini kwamba kilo zikirudi ni uvivu, au ulafi, na wapo wanaoita dhambi. Naomba mnisikilize hapa, kwa maana ndipo tunapowaumiza vijana zaidi.

Mwaka 2011 madaktari wa Melbourne, Australia, walichapisha utafiti wao juu ya watu 50 waliopewa chakula kidogo sana kwa wiki 10. Watu hao walipungua wastani wa kilo zaidi ya 13. Madaktari wakapima homoni za njaa na za shibe katika damu yao, kisha wakapima tena baada ya mwaka mzima. Zile za njaa zilikuwa bado juu, na za shibe bado chini. Mwaka umepita, na mwili ulikuwa bado unalia njaa. Mwaka 2016 mtafiti wa Marekani aitwaye Kevin Hall na wenzake walitoa habari za watu 14 walioshiriki shindano la kupunguza uzito kwenye televisheni. Walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58. Baada ya miaka sita kilo 41 zilikuwa zimerudi. Na miili yao, wakiwa wamekaa tu, ilikuwa inatumia nguvu pungufu ya kiasi cha kalori 500 kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu wa uzito wao. Kalori 500 si mchezo, ni kama sahani ya chakula cha mchana.

Kwa sisi wakulima haya si magumu kuyaelewa. Nyumba iliyopitiwa na njaa mwezi wa pili haifungui ghala ovyo mavuno yakifika. Mama anapima kwa kibaba, anaficha debe moja chini ya kitanda. Mwili nao hufanya hivyo. Haujui kwamba kijana alikuwa anafuata ushauri wa daktari, unachojua ni kwamba kulikuwa na njaa. Basi unabana matumizi na kudai chakula. Kijana huyo anatembea na sauti tumboni ambayo wewe na mimi hatuisikii. Ukimwita mvivu, unamshitaki kwa kosa la homoni.

Wengine wataniuliza habari za tiba mpya. Zipo. Pale Mloganzila, Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2022 kuwawekea watu wazima puto tumboni ili washibe upesi. Puto hilo hukaa kwa muda, kisha hutolewa. Ziko pia sindano za kupunguza hamu ya kula. Utafiti wa mwaka 2022 kwa vijana 201 wenye miaka 12 hadi 17, uliofanyika katika nchi kadhaa, ulionyesha kwamba uwiano wao wa uzito na urefu ulishuka kwa wastani wa asilimia 16 katika wiki 68. Ni mafanikio makubwa. Lakini mwaka huo huo ilionekana kwa watu wazima kwamba walioacha sindano walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza ndani ya mwaka mmoja. Desemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa dawa hizo kwa watu wazima, likasisitiza kwamba ziende pamoja na ushauri wa chakula na mazoezi, na kwamba unene ni ugonjwa wa muda mrefu. Bei yake sitaitaja, hapa kwetu ni sawa na kuzungumzia bei ya ndege. Ninachotaka mkione ni hiki: iwe puto, iwe sindano, iwe chakula, siku tiba inapokoma ndipo kazi ya nyumbani inapoanza. Na nyumbani ndiko sisi tuliko.

Na wale wanaouza majani ya kuyeyusha tumbo kwenye mabasi, tafadhali, msiwape fedha zenu. Majani mengine ni ya kuharisha tu. Kilo inayotoka kwa kuharisha ni maji.

Kijana si mtu mzima mdogo. Yeye bado anarefuka. Kwa hiyo mtoto wa miaka 12 mara nyingi hahitaji kupunguza kilo hata moja: akibaki na kilo zile zile huku akirefuka, amepona polepole. Ndiyo maana ukimpima uzito bila kupima urefu hujapima kitu. Vile viwango vya watu wazima, 25 na 30, mnavyoviona kwenye mabango ya kliniki, havimhusu aliye chini ya miaka 19. Kuna chati zake za umri wa miaka 5 hadi 19 zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007, na mhudumu wa zahanati anaweza kuzisoma. Wazazi wasiamue peke yao kwa macho, na mtoto asinyimwe chakula. Kijana akinyimwa asubuhi hula mara mbili usiku, tena kwa kujificha.

Tufanye nini basi? Binti wetu alinifundisha mengi kuliko vitabu, maana aliporudi kwa likizo ya pili nilimwomba radhi, tukakaa chini ya mwembe, tukapanga.

Kwanza tulikwenda kwa bibi yake, kwa sababu mpishi ni yeye. Tusidanganyane, kijana hana chungu chake. Ukimpikia yeye majani ya maboga yaliyochemshwa, na wengine wanakula mboga inayoelea mafuta, umemtenga, na mezani kutengwa kunauma. Tuliomba nyumba nzima ibadilike: mafuta yapimwe kwa kijiko cha chakula, ambacho kimoja kina kalori kama 120. Sukari ya chai ipungue kidogo kidogo, kila wiki nusu kijiko. Mbaazi, kunde, kisamvu, mlenda, dagaa viwe vingi, na ugali wa dona au mtama uwe kipande cha kiasi. Bibi aliuliza: "Kwa hiyo mnataka tule kama zamani?" Nikamwambia, karibu hivyo. Akafurahi, akasema ming'oko nayo ataileta.

Soda ni habari ya pekee. Chupa ya mililita 350 ya soda ya kola ina sukari kama gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vyema sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Chupa moja imeshapita. Sasa msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, malipo yakitoka, kila mzazi anataka kumfurahisha mwanawe kwa soda na chipsi mayai. Naelewa. Mwaka mzima umemnyima, leo unazo. Lakini nimeangalia daftari langu, na miezi ya korosho ndiyo miezi vijana wangu wanapoongeza. Na korosho yenyewe, ndugu zangu, ni chakula kizuri, ila konzi moja ina kalori kama 165, na mtu hali konzi moja. Vijana wa kiume nao wana uraka wa mabibo. Hapo sisemi zaidi, wenyewe mnajijua.

Pili ni miguu. Pikipiki zimetusaidia sana, mjamzito anafika hospitali. Lakini kijana aliyezoea kwenda shamba kwa mguu sasa anapakiwa hata kwenda dukani. Ushauri wa wataalamu kwa umri wa miaka 5 hadi 17 ni dakika 60 za kutoka jasho kila siku. Huko Denmark walifuatilia watu wazima waliokwisha kupungua. Mwaka 2024 walitoa habari kwamba, mwaka mmoja baada ya msaada wote kukoma, waliokuwa wamefanya mazoezi walishikilia uzito wao vizuri kuliko waliotegemea dawa peke yake. Huku kwetu uwanja wa mpira wa wavulana upo. Wa netiboli wa wasichana umelimwa mihogo. Hilo liko ndani ya uwezo wa kamati hii hata kabla ya mfadhili kutoa senti.

Tatu ni kupimwa. Kijana aliyepungua aonwe kila mwezi kwa miaka miwili. Kilo mbili zikirudi zinazungumzika, lakini zikirudi 12 kijana amekwisha kujificha. Lakini apimwe wapi, na nani anatazama? Niliona shule moja, siitaji, wanafunzi wakipimwa mstarini na mwalimu akitangaza namba kwa sauti. Mtoto mmoja aliitwa "bonge" kuanzia siku hiyo hadi alipoacha shule. Kupima namna hiyo ni afadhali kutopima.

Kuna jambo moja sikupata jibu lake, nami naliweka mezani. Mama anayeuza maandazi na vitumbua langoni mwa shule ni mjumbe wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mtaji tulimpa sisi. Baadhi yenu mmependekeza afukuzwe pale. Je, watoto wake wanne watakula nini? Nilizungumza naye. Yuko tayari kujaribu mihogo ya kuchemsha, karanga na machungwa, ila anasema mihogo isiponunuliwa siku hiyo inaharibika, maandazi yanalala. Anaomba kikundi kimfidie hasara ya mwezi wa kwanza. Mimi naona ombi lake ni la haki. Mwekahazina anaona vingine. Mtaamua ninyi.

Kwa parokia na misikiti pia: Kwaresima na Ramadhani si kliniki za unene. Kijana anayefunga afunge kwa imani yake, lakini tusimwambie kwamba funga itamponya. Futari ya vitu vya kukaanga na juisi ya sukari inarudisha yote, na Pasaka yetu ni hivyo hivyo. Kwenye kipaimara tunaweza kuweka mtungi wa maji safi mezani kando ya soda, bila kumpigia kijana kelele achukue kipi.

Wageni wetu wafadhili, nazungumza nanyi kwa heshima. Fomu zenu zinatuuliza walionufaika ni wangapi, na zinafungwa baada ya miezi 12. Binti yetu angeandikwa kwamba alinufaika: alipungua kilo 17. Hakuna safu ya kuandika kilichotokea mwezi wa 13. Kwa fomu hizo, nasi tunajifunza kuwapenda wanaopungua na kuwasahau waliorudi. Nawaomba mambo mawili. Mtupe miaka miwili ya ufuatiliaji, hata kama idadi ya vijana itakuwa ndogo. Na yule aliyerudisha kilo asihesabiwe kuwa mradi umeshindwa, ahesabiwe kuwa bado yumo. Nauli ya mhudumu wa kujitolea kwenda vitongojini mara moja kwa mwezi, mizani moja, na ubao wa kupimia urefu ambao fundi wetu wa hapa anaweza kuutengeneza: hatuombi zaidi ya hayo.

Mtataka kujua binti anaendeleaje. Sasa ni mwaka na miezi saba tangu kliniki ifunge jalada lake. Alipanda hadi kilo 86, tukakaa tena, akashuka, juzi alikuwa na 83. Shinikizo la damu liko sawa, magoti hayamsumbui. Kuna wiki anakata tamaa, ananitumia ujumbe mfupi usiku wa manane, nami namjibu asubuhi kwa sababu mimi ni mzee, nalala. Amejitolea kuwa mwelimishaji rika, ila ametoa sharti moja: mizani isiwekwe ukumbini. Anataka ikae kwenye chumba cha akiba nyuma ya sakristia, mlango uwe na pazia, na daftari lifungwe kwa kufuli.

Chumba kimepatikana, Baba Paroko ameshatoa ufunguo. Pazia Wanawake Wakatoliki wameahidi kulishona kabla ya Jumapili ijayo. Sasa nipo tayari kwa maswali, na yule mjumbe aliyecheka aanze.